Mwaka Mama Alipokatazwa Soko

Enzi zetu pale Shauri Moyo, ukiamka Jumamosi ukamkuta mama yako anakung'uta kiondo mlangoni, ulijua mpira umeisha kabla haujaanza. Mimi nilikuwa kifungua mimba, na dada zangu wawili walikuwa bado wadogo mno kuvuka barabara, kwa hiyo kazi ya kubeba ilikuwa yangu. Wenzangu walikuwa wameshafunga mpira wa makaratasi ya nailoni na kamba ya katani, wanagawana timu karibu na bomba la maji, nami napita katikati yao nimening'iniza kiondo begani, macho chini. Wakaniita Kiondo. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao mjini, mtu mzima na mvi zake, hanisalimu kwa jina nililobatizwa. "Niaje, Kiondo," anasema, na sote tunacheka.

Mliokulia nyumba zile za kaunsili mnakumbuka. Chumba kimoja, pazia katikati, wazazi upande ule na sisi upande huu. Choo cha pamoja, bomba la pamoja, na harufu ya chakula cha kila jirani ikiingia kwenu bila kubisha hodi, hata ukajua nani leo anakula samaki na nani anakunywa chai kavu. Baba alifanya kazi kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mama alishona sare za shule kwa cherehani iliyokuwa chini ya dirisha. Siku tano za juma aliinamia cherehani ile bila kusema mengi. Jumamosi ndipo alipokuwa mtu mwingine.

Kutoka kwetu hadi soko la Gikomba si mbali. Mtu akiwa na haraka anafika kabla jasho halijamtoka. Lakini na mama ilikuwa safari, maana hakumpita mtu. Alisimama kwa fundi wa viatu, kwa mwuza makaa, kwa mzee wa kunoa visu, na kila mmoja aliulizwa habari za nyumbani mpaka jina la mtoto wa mwisho. Miguu yangu iliniuma nikiwa nimesimama tu. Tukiingia sokoni kwenyewe, matope ya masika yalikuwa yakinifika juu ya kifundo, wasukuma mikokoteni wanapiga mbinja tuwapishe, na harufu zinapishana hatua kwa hatua: dagaa wa omena, kisha vitunguu, kisha mahindi ya kuchoma, kisha maji machafu ya mfereji, kisha dania mbichi iliyonyunyiziwa maji, ambayo hata leo nikiinusa narudi kuwa na umri wa miaka tisa.

Mama alizunguka soko lote mara ya kwanza bila kununua chochote. Alisalimu tu. Alibonyeza parachichi pale karibu na kikonyo kwa kidole gumba, akaligonga kabichi kama anayebisha mlango, akafunua ganda la hindi akatazama punje, akakirudisha kila kitu mahali pake. Mzunguko wa pili ndipo aliponunua. Nikilalamika, alikuwa na neno lake moja: "Mboga hainunuliwi kwa mkono, inanunuliwa kwa mdomo." Na kweli sikuwahi kumsikia akitaja bei kabla ya salamu. Kwake hiyo ilikuwa sawa na kuingia nyumba ya mtu na viatu na kwenda moja kwa moja kwenye sufuria.

Mwisho wa mzunguko huo wa pili, tulifika kwa Mama Njoki. Huyu aliuza nyanya, hoho na sukuma, ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, leso mbili kiunoni. Walianza kujuana kabla mimi sijazaliwa. Mama alizungumza Kiswahili cha Bungoma, Mama Njoki cha Murang'a, kila mmoja akiipindua herufi aliyoipenda, na walielewana kuliko watu waliosoma darasa moja. Hapo ndipo kiondo kiliwekwa chini. Mama alipewa kreti yake, mimi nikapewa karoti iliyopanguswa kwa leso, na mazungumzo yakaanza. Niliwasikia wakilia pamoja mara moja tu, Mama Njoki alipofiwa na mumewe. Mara nyingine zote walicheka. Nilichukia kicheko kile, kwa sababu nilijua kwa kila kicheko bao linafungwa nyumbani bila mimi.

Laiti mtoto angejua anachokichukia.

Leo binti yangu Nekesa, aliye chuoni, hununua nyanya akiwa amelala kitandani. Anazichagua kwa kidole kwenye simu, kila nyanya ina picha yake nzuri kama mgombea wa uchaguzi, kisha zinaletwa na kijana wa pikipiki zikiwa zimebondeka, naye anabaki kununa. Nikimwambia ashuke chini anunue kwa macho yake, ananiuliza, "Kwani baba, nishuke nikaongee na nani?" Simlaumu sana. Mimi ndiye niliyemfunza, na nilimfunza mwaka ule wa korona.

Wakati huo mama alikuwa amepita miaka sabini na tano. Baba alikuwa amefariki zamani, dada zangu wameolewa mbali, na mama bado alikuwa Shauri Moyo, chumba kilekile. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi mtaa wa Umoja, ghorofa ya tatu, na mke wangu Rose na huyo Nekesa. Tulikuwa tumemsihi mama ahamie kwetu, akakataa kila mara. Alisema kutoka Umoja hadi kwa Mama Njoki ni mbali. Bado alikwenda kila asubuhi, hata kama haja yake ilikuwa fungu moja la dania.

Ugonjwa ulipoingia, redio ilisema kila saa kwamba wazee ndio wanaoondoka. Shule zikafungwa. Nilimfuata mama nikamleta Umoja na begi moja, nikimwambia ni wiki mbili. Nilimwambia pia kwamba hatatoka nje.

"Rose anatoka," akasema. Kweli, Rose alikuwa akiuza kwenye duka la dawa na alitoka kila siku. "Wewe unatoka. Huu ugonjwa unanijua mimi peke yangu?"

"Unawapenda wazee, mama."

"Basi una adabu kuliko wewe."

Tulicheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokumbuka ambacho tulikicheka pamoja.

Nikaanza kufanya manunuzi mimi. Kwenye duka kubwa la barabarani walikuwa wamechora duara za rangi nyeupe chini, kila mtu anasimama kwenye yake kama kuku aliyefungwa mguu. Mlinzi anakupima joto kwenye paji la uso, anakumiminia dawa viganjani, anakuonyesha mlango kwa kidole. Ndani hakuna aliyesema neno. Miwani yangu ilijaa mvuke kwa sababu ya barakoa, nikawa naokota vitu nusu kipofu: unga paketi mbili, maana hawakuruhusu zaidi, mafuta, nyanya nne zilizobanwa kwenye nailoni, zote kimo kimoja, hazina harufu. Mtu akikohoa kwenye laini ya mbele, tunaruka nyuma kama tumeona nyoka. Nyumbani nilivua viatu nje, nikaosha nyanya kwa sabuni, nikailoweka sukuma kwenye maji ya chumvi, nikapangusa hata paketi za unga. Mama aliketi kwenye kiti chake akinitazama.

"Umenunua kwa nani?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Kwa duka kubwa, mama, pale barabarani."

"Sikuuliza wapi. Nimeuliza kwa nani."

"Hakuna mtu. Unachukua mwenyewe, unalipa, unatoka."

Akaigeuza ile nyanya mkononi. "Ndiyo maana," akasema, na sikumwuliza ndiyo maana nini.

Aliniuliza swali lile kila nikirudi. Umenunua kwa nani. Nani amekusalimia. Nilidhani ni mzaha, kisha nikadhani ni uchokozi. Wiki mbili zikawa miezi miwili. Akaniomba nimtafutie Mama Njoki. Nambari yake ya simu hakuwa nayo, kwa sababu miaka yote ile hawakuhitaji kupigiana, kila mmoja alijua mwenzake anapatikana wapi. Nilimwahidi nitakwenda. Sikwenda. Nilikuwa naiogopa Gikomba, ule msongamano wa watu, kama mtu anavyoogopa makaburi. Alipouliza, nilimwambia soko limefungwa. Siku fulani lilikuwa limefungwa kweli. Siku nyingi nilidanganya.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa mezani nawatumia wanafunzi wangu kazi kwa simu. Nekesa akatoka chumbani akasema shosho, yaani bibi yake, hayupo. Tukatafuta chooni, tukatafuta kwa jirani, kisha nikashuka ngazi mbio. Nilimpata ng'ambo ya barabara, karibu na stendi, chini ya mwavuli wa mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza sukuma juu ya gunia. Mama alikuwa amevaa gambuti za mvua za Rose, barakoa ameishusha kidevuni. Alikuwa ameketi kwenye kreti. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa yule mwanamke, mtu ambaye alikuwa hamjui saa moja kabla, na wote wawili walikuwa wanacheka mpaka mabega yanatikisika.

Ningeweza kusimama pale kidogo. Hilo ndilo ninalolifikiria nikiwa peke yangu: kwamba ningeweza kusimama upande wa pili wa barabara, nikamwacha acheke mpaka amalize.

Nilivuka. Nilimpigia mama kelele mbele ya watu kama mtoto aliyeiba. Kisha nikamgeukia yule mwanamke nikamwuliza kama anataka kuniulia mama. Mwanamke aliuondoa mkono wake polepole akaupangusa kwenye aproni, ingawa haukuwa na uchafu.

"Pole, mwalimu," akasema. Sijui nani alikuwa amemwambia mimi ni mwalimu. Nadhani mama alikuwa tayari amemweleza habari zetu zote, mpaka jina la mtoto wa mwisho.

Nilimrudisha mama nyumbani. Kwenye ngazi ya pili alisimama kupumzika, ameshika ukuta.

"Umeniaibisha, Wafula," akasema, kwa sauti ya chini, bila hasira.

Mchana huo nilinunua kufuli. Rose aliniuliza mara moja tu kama nina hakika, nikamjibu kwamba afadhali mama akasirike akiwa hai. Kuanzia siku hiyo, nikitoka kwenda dukani, nilifunga mlango kwa nje na ufunguo nikautia mfukoni. Nilijiona mwana mwema. Nilikuwa nasikia habari za wazee wa watu waliozikwa haraka haraka, bila matanga, bila wimbo, nami nikajiambia wangu hatakuwa mmoja wao. Na kweli hakuwa.

Ilianza kwa mambo madogo. Alitia chumvi kwenye chai. Alisimama mbele ya mlango na begi lake la mkononi, akatazama mlango, akatazama begi, akarudi kuketi. Aliacha kuniuliza nimenunua kwa nani, nami, Mungu anisamehe, niliona afueni. Alianza kukaa dirishani akiwasalimu watu waliopita chini kwa majina ambayo hayakuwa yao. Nilidhani ananuna. Jioni moja akaniuliza kama baba yangu amesharudi kutoka kiwandani, maana chakula kinapoa. Rose aliacha kijiko mezani. Nekesa alinitazama, akingojea niseme kitu.

Tulimpeleka hospitali baada ya amri kulegezwa. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema huenda ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza zamani, pole pole, na huenda kule kufungiwa kuliusukuma, hakuna awezaye kujua. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi nikitafuta mahali pa kujificha ndani yake. Sijapapata.

Nikawaza kwamba soko litamrudisha. Niliwaza hivyo kwa nguvu zote, kama mtoto. Jumamosi moja tulimvisha vizuri, tukapanda teksi mimi na yeye mpaka Gikomba. Nilimshika mkono tukapita kwenye matope. Fundi wa viatu alikuwa hayupo, mzee wa kunoa visu alikuwa hayupo, na sikuuliza. Mama alitembea akitazama chini. Hakusimama kwa mtu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipita soko lile na mama bila kuchelewa.

Mama Njoki alikuwa mahali pake, mwembamba zaidi, barakoa ya kitambaa usoni. Alimwona mama kutoka mbali akasimama kwa shida, akiegemea kreti.

"Mama Wafula," akasema. "Ulipotelea wapi, dada yangu? Nimekungoja mpaka nikachoka. Nilienda mpaka kwako, nikakuta mlango umefungwa. Majirani wakasema umechukuliwa na mtoto wako. Nikasema basi ni heri."

Mama alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akainama, akachukua nyanya moja, akaishika bila kuibonyeza.

"Nyanya ni pesa ngapi?" akauliza.

Mama Njoki alinitazama mimi, na macho yake yalisoma kila kitu usoni mwangu. Akavuta kreti nyingine, akampangusia mama mahali pa kukaa, akamketisha. Alimpangia nyanya kwenye mfuko moja moja, akichagua nzuri, akiongeza na hoho na kitunguu, na hakutaka kupokea chochote. Mama alisema asante. Alisema kwa Kiswahili safi cha kumwambia mgeni.

Tulipokuwa tunaondoka, Mama Njoki alinivuta kando.

"Mlimfungia?"

"Niliogopa angekufa, mama."

"Najua. Wote tuliogopa." Alifunga leso yake upya. "Lakini sisi tulikuwa hapa, Wafula. Hata kama ni kutoka mbali, ungemleta tupungiane mikono. Mkono haukohoi."

Mama Njoki alikuja kututembelea Umoja mara mbili, akapanda ngazi zote zile kwa magoti yake mabovu. Mara ya kwanza mama alimkaribisha chai. Mara ya pili alimwogopa, akauliza huyu mwanamke anataka nini nyumbani kwa watu. Mama Njoki alishuka ngazi akilia kimya kimya, ameshikilia ukuta, na hakurudi tena. Tulisikia baadaye kwamba watoto wake walimchukua Murang'a. Nambari yake tunayo sasa. Hatuna wa kuipiga.

Watu husema mambo yamerudi kama zamani. Duara zile nyeupe zimefutika kwa kukanyagwa, barakoa zimebaki kwenye droo, na vijana wakisikia habari za kafyu wanazicheka kama hadithi za babu. Yule mwanamke wa mwavuli hayupo tena pale stendini. Kuna kibanda cha kuuza chaja za simu. Nami ninanunua kama kila mtu wa siku hizi anavyonunua, simu sikioni, naonyesha kwa kidole, nalipa kwa kidole, naondoka. Mama mboga wa chini ya ploti yetu amekaa pale karibu mwaka mzima na sijui watoto wake ni wangapi. Kuna Jumamosi hujiambia leo nitasimama, nitamwuliza habari za nyumbani. Nikifika, naona kuna foleni nyuma yangu, nayo ina haraka.

Enzi zetu tulikuwa na kidogo, na kile kidogo kilipita mikononi mwa watu tuliowajua kabla ya kufika sufuriani. Sasa kabati letu limejaa. Namkatia mama nyanya vipande vidogo, namlisha na ugali, naye anakula vizuri kuliko miaka yote, bila kuuliza imetoka wapi. Akimaliza, ananawa mikono, anajifunga leso, anakaa wima kwenye kiti kama mtu aliye kwenye chumba cha kungojea. Halafu ananiuliza, kwa adabu, kama gari la kumpeleka kwao limeshafika.

Namwambia bado. Anasema hakuna neno, atangoja.